Kupiga kasia na familia Ziwa Duluti: panga hivi siku isiwe vurugu

Wazazi wenzangu wa Arusha na Moshi, na nyie mnaokuja likizo kutoka Dar halafu watoto wanashinda kwa bibi wanaangalia katuni hadi macho mekundu, kuna sehemu iko kilometa 14 hivi tu kutoka Arusha mjini, njia ya kwenda Moshi, na watu wanaipita kila siku hawajui kama ipo maana imefichwa na miti na migomba. Ziwa Duluti, pale Tengeru. Ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano ya zamani limejaa maji, lipo kama mita 1,290 juu ya usawa wa bahari, Mlima Meru unauona pale juu kama mawingu yamekubali, na ziwa lenyewe ni dogo, eneo lake ni kama 0.6 ya kilometa ya mraba tu. Udogo huo ndo raha yake kwa familia, popote mlipo majini ukingo mnauona.

Sasa kosa la wengi ni kupanga hii safari kwa kipimo cha baba. Baba anataka azunguke ziwa lote, apige picha, arudi amechoka vizuri. Mtoto wa miaka 7 ndani ya kayaki ana kama saa moja ya furaha, baada ya hapo ni "mama nasikia njaa, mama mkojo, mama limenibana hapa". Kwahiyo mimi nawaambia watu wapange vitu viwili kwanza, mtoto mdogo kuliko wote anaweza nini, na upepo unaanza saa ngapi, ukishavijua hivyo viwili hayo mengine yanafuata yenyewe.

Lini muende

Masika, Machi hadi Mei, achaneni nayo. Barabara za ndani zina tope, mvua inaweza kuwakuta katikati ya ziwa, na radi majini sio kitu cha kufanyia mzaha. Juni hadi Agosti hakuna mvua sana ila Arusha inakuwa na baridi na mawingu mazito asubuhi, mlima hamuuoni, na mtoto akilowa anaanza kutetemeka mapema, sio kwamba haiwezekani ila beba nguo nyingi. Nzuri kabisa ni Januari na Februari, au Septemba na Oktoba kabla vuli haijaanza kuchanganya.

Kuhusu siku, jueni kwamba soko la Tengeru ni kubwa na siku zake ni Jumatano na Jumamosi, hiyo Jumamosi hapo barabarani ni watu, ndizi, mikokoteni na magari yamebanana. Ukitaka utulivu nenda Jumapili au siku ya kawaida shule zikiwa zimefungwa. Ila kama unapenda kununua parachichi na ndizi za kwenda nazo nyumbani basi Jumamosi ina faida yake, we pita asubuhi sana.

Kuhusu saa. Asubuhi maji yametulia kama kioo, mchana jua likishapasha ardhi upepo unaanza kushuka ndani ya kreta, na kwenye ziwa la namna hii hauji taratibu kutoka mbali ukauona, unadondoka kutoka juu ya ukingo. Dalili ni kwamba sehemu ya maji inabadilika rangi ghafla, inakuwa nyeusi nyeusi yenye mikunjo midogo, na matawi ya juu ya miti upande ule yanaanza kucheza wakati wewe huku ulipo bado kimya. Ukiona hivyo geuza, usisubiri ufike kwako. Ndo maana nasema muwe majini saa 3 asubuhi na muwe mmetoka saa 4 na nusu, ikichelewa sana saa 5. Wanaofika saa 7 mchana wameshiba pilau ndo utawaona wanapiga kasia wanarudi nyuma.

Piga simu kwanza

Msitu unaozunguka ziwa ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwahiyo kuna kiingilio chao, halafu mitumbwi ni malipo mengine kwa wanaokodisha. Bei zinabadilika ndo maana siandiki hapa, piga simu siku mbili tatu kabla na uulize haya bila aibu: bei ni kwa kichwa au kwa chombo? Ni kwa saa au kwa mzunguko mmoja? Gaidi, yaani yule mwongoza wageni, yupo ndani ya bei au analipwa pembeni? Kiingilio cha msitu kimo humo au hakimo? Mtoto analipa nusu au kamili? Na swali kubwa kuliko yote, mna laifu jaketi za watoto za saizi gani, na ziko ngapi? Wakikujibu "zipo zipo mama, njooni tu", hilo sio jibu, omba wakutumie picha WhatsApp ya jaketi zenyewe. Anayefanya kazi yake vizuri hakasiriki kuulizwa hivyo.

Malipo ya serikali mara nyingi ni kwa kontrol namba, kwahiyo simu iwe na chaji na iwe na hela, usitegemee noti mfukoni peke yake.

Uliza pia vyombo ni vya aina gani. Kuna mitumbwi ya faiba ya watu wawili watatu, hii imetulia na ina nafasi ya kumkalisha mtoto katikati. Kuna kayaki za kukaa juu, zile wazi zenye matundu ya kutolea maji, hizi kwa familia ni nzuri sana maana mkipinduka mnaigeuza tu mnapanda tena. Zile za kuingiza miguu ndani kama soksi, kwa mtoto ambaye hajawahi, mimi hapana.

Nani anakaa na nani

Hapa ndo pa kutulia na karatasi. Sheria yangu ni mtu mzima mmoja anayejua kuogelea kwa kila mtoto mdogo, kwenye chombo hicho hicho. Sio "baba yuko kwenye mtumbwi wa jirani anawaangalia". Tuseme nyumbani mpo baba, mama, kijana wa miaka 13, binti wa 9, kitinda mimba wa 4 na bibi kawasindikiza. Baba na binti kayaki moja, mama na kijana nyingine, kitinda mimba abaki nchi kavu na bibi. Wakirudi, baba anapumzika kidogo kisha anamchukua yule wa miaka 4 kwenye mtumbwi wa faiba pamoja na gaidi, wanakwenda dakika 15 pembeni pembeni wanarudi. Yule mtoto atalia mwanzoni akiona wenzake wanaondoka, sawa, mpe muwa atafune atanyamaza. Kama watu wazima wanaoogelea hawatoshi basi mnaenda kwa zamu, hamna njia ya mkato hapo, na kama hamna hata mmoja anayejua kuogelea chukueni gaidi kwenye kila chombo, au siku hiyo zungukeni msitu kwa miguu tu, nitaeleza huko mbele.

Kwenye kayaki ya wawili mzito anakaa nyuma, mwepesi mbele. Wa nyuma ndo dereva. Wa mbele anaweka mwendo, wa nyuma anamfuata, kwahiyo mtoto akiwa mbele punguza papara, fuata kasia lake hata kama anapiga mawili anapumzika matano. Ukipiga kwa kasi yako makasia yatagongana na maji yote yataishia usoni kwako.

Jaketi, hapa tusifanye haraka

Laifu jaketi ya mtu mzima aliyofungiwa mtoto ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, maana inampa mzazi amani ya uongo. Mtoto akiingia majini jaketi inapanda, yeye anashuka, mikono inatokea juu. Jaribu hivi mkiwa bado nchi kavu: mvalishe, funga zipu, funga buckle zote kuanzia ya chini kwenda juu, vuta kamba za pembeni hadi aseme inabana kidogo, halafu simama mbele yake, shika jaketi mabegani kwa mikono miwili uinue juu kama unataka kumnyanyua. Ikipanda ikafika masikioni au ikafunika kidevu hiyo sio yake, rudisha. Ikibaki kifuani na yeye mwenyewe akaanza kunyanyuka nayo, ndo hiyo. Mdogo kabisa atafutiwe yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, huo ndo unaozuia isipande. Na hakikisha povu la ndani halijachoka, bonyeza kwa vidole, likibaki limebonyea halirudi hiyo jaketi imeshastaafu.

Halafu baba na mama nao wavae. Mtoto hawezi kukubali kubaki na jaketi linalombana wakati baba yake kaliweka chini ya miguu analikalia. Maboya ya kuchezea, yale ya kujazwa upepo yenye picha ya bata, hayahesabiki kabisa.

Mavazi na mzigo

Jeans hapana, zikilowa zinakuwa nzito na hazikauki. Kaptula au leggings na tisheti nyepesi ya mikono mirefu, kitenge na gauni refu vitasubiri kwenye gari. Miguuni sandozi zenye mkanda nyuma ya kisigino, yebo yebo zinabaki kwenye tope la ukingoni mara moja tu. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Mafuta ya jua wapakeni hata kama kuna wingu, ukiwa juu huku jua linachoma kuliko unavyolihisi kwa sababu ya ubaridi, na maji yanalirudisha tena usoni kutoka chini, watu weusi pia tunaungua jamani, pua na nyuma ya shingo.

Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji na mfuko ufungwe kwenye chombo, sio shingoni. Funguo ya gari aachiwe bibi. Kwenye chombo panda na maji ya kunywa, filimbi kila mtu na yake shingoni kwa kamba fupi, na dawa ya pumu kama kuna mwenye pumu, mengine yote acha nchi kavu. Nchi kavu weka taulo moja kwa kila mtu, nguo kavu seti nzima kwa kila mtoto mpaka chupi, plasta, na shuka la kukalia. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019 kwahiyo beba kikapu au ndoo yenye mfuniko, ndoo ni bora zaidi maana kuna kima kwenye miti pale na wanajua kufungua kikapu. Chakula kiwe cha kushika mkononi, chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi. Chai ya rangi kwenye chupa ya chai yenye tangawizi nyingi, hii utanishukuru wakitoka majini.

Kufika

Mwenye gari anatoka Arusha saa 1 na nusu, anashika barabara ya Moshi, akifika Tengeru anakunja kulia kufuata kibao, ni kipande kifupi tu. Wa daladala panda zinazokwenda Tengeru au Usa River, shuka Tengeru, kisha bodaboda au mguu. Ukiwa na watoto chukua bajaji mpatane kabisa na ya kurudia, namba yake uiweke.

Wote waende chooni kabla ya kuvaa jaketi. Wote, hata anayesema hana mkojo.

Kabla hamjaingia majini

Muachie gaidi aongee na watoto, wanamsikiliza yeye kuliko nyie, lakini akimaliza we rudia mambo matatu. La kwanza, hakuna kusimama ndani ya chombo, hata ukimuona kenge, na kenge wapo, wanalala kwenye magogo pembeni. La pili, kitu kikidondoka majini kiache, baba atakifuata, mitumbwi mingi inapinduka kwa sababu ya kofia. La tatu, tukipinduka shika mtumbwi, usiogelee kwenda ukingoni. Hili la tatu wafanyie zoezi kweli, sio kusema tu. Pale pale ukingoni, chombo kikiwa kimeshikiliwa na gaidi, mtoto mwenye umri wa kuelewa ashuke majini na jaketi yake, ajione anaelea, ashike kamba, apandishwe tena. Akishajua jaketi linambeba hofu inaisha nusu. Ila mfanyie na mtu mzima ndani ya maji naye, maana maziwa ya kreta hayana ufukwe wa kutembea taratibu kama Kunduchi, hatua chache tu miguu haigusi chini, na katikati kina kinafika kama mita 9.

Kuingia, chombo kikae sambamba na ukingo, kalio kwanza kisha miguu, uzito chini. Kasia lishike mikono ikiwa imeachana kupita mabega kidogo, zamisha karibu na vidole vya miguu, vuta hadi usawa wa nyonga, toa. Usivute kwa mikono tu, zungusha na mwili, bila hivyo dakika 20 tu mabega yameisha. Kugeuka kushoto piga upande wa kulia, basi, hayo mengine watajifunza humo humo.

Mkianza, nendeni kwanza upande upepo unakotoka hata kama ni kidogo, ili wakati wa kurudi mmechoka uwasukume kuja nyumbani. Kaeni mita 20 au 30 kutoka ukingoni muuzunguke, msikate katikati. Kwanza ni salama, pili vitu vya kuona viko pembeni, katikati ni maji tu. Kwenye matete utaona mdiria amekaa kwenye bua anainamisha kichwa, anadondoka kama jiwe, anatoka na kidagaa, anakigonga gonga kwenye tawi kabla hajameza, mwambie mtoto aache kupiga kasia mnyamaze mumuangalie maana hiyo ndo ataisimulia shuleni, sio mlima. Furukombe naye utamsikia kabla hujamuona. Mnandi wanakaa juu ya miti mikavu wametandaza mabawa wanakausha.

Mkisikia radi hata ya mbali, tokeni, na msirudi hadi ipite nusu saa tangu ya mwisho kusikika. Mtoto akianza kutetemeka au akinyamaza ghafla wakati alikuwa anaongea sana, tokeni pia. Bia zisubiri mpaka vyombo vyote vimerudishwa.

Mkitoka

Wafuteni kwa taulo hapo hapo, nguo kavu, chai. Kujifuta haraka ni tabia nzuri kwenye ziwa lolote la maji baridi kwa sababu ya kichocho, na maji ya ziwa wasinywe. Baada ya wiki kadhaa mtoto akipata homa isiyoeleweka au mkojo wenye damu mwambie daktari kwamba aliingia ziwani, wengi hawasemi. Kwa dharura ya siku hiyo hiyo, hospitali ya wilaya ya Meru iko hapo hapo Tengeru.

Mkishakula, siku bado ni mbichi, saa 6 hii. Kuna njia ya miguu inazunguka ziwa ndani ya msitu, mkiwa na watoto mnaweza kutumia saa moja hadi moja na nusu mkisimama simama, kuna kivuli karibu njia nzima na bibi anaweza akatembea kipande akarudi. Na kama mna watoto wakubwa wanaosoma historia waulizieni makaburi ya Wapolandi, yako karibu tu, eneo la chuo cha mifugo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, Tengeru palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland, karibu watu 5,000, wengi wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia kwanza kabla ya kufika huku, na wengine hawakuondoka, wamezikwa pale. Kijana wa miaka 13 aliyekuwa analalamika hakuna bando ghafla anaanza kuuliza maswali.

Wakishazoea

Safari ya pili au ya tatu, watoto wakishafika miaka kumi na kitu, fikirieni ziwa la Momella Ndogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ile ni nyingine kabisa, maji yake yana magadi, kuna heroe, na kuna viboko, kwahiyo hamwendi bila gaidi na hamjiamulii njia. Mnalipa kiingilio cha hifadhi, mnalipa na mtumbwi, inapanda kidogo. Pigeni simu mapema muulize umri wa chini wanaoruhusu kwenye mtumbwi, msije mkafika getini na mtoto wa miaka 6 ambaye mmeshamuahidi.